Mzee Honi Ashuka Garini

Jumapili, 2 Juni

Gari imekufa. Fundi gari kafungua boneti, katazama, kafunga. Hakugusa kitu. Akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia aipige kidogo pale ninapoipigaga mimi. Akasema mzee, hii imepigwa vya kutosha, humu hakuna injini tena, kuna kutu iliyojikusanya ikafanana na injini.

Miaka kumi na tisa! Haijawahi kunilaza njiani. Mara nne tu. Tano.

Mchana binti yangu kaja na mumewe. Maji hawajanywa, wakaanza. Kwamba baba umri umekwenda. Kwamba tangu mama afariki, mwaka wa tatu huu, uko peke yako. Kwamba sasa na gari hakuna, utafikaje kazini? Uhamie kwetu, chumba cha nyuma kipo. Mkwe akadakia kwamba ameshakipaka rangi. Nikauliza rangi gani. Akasema ya waridi.

Kile chumba nakijua. Wameweka mashine ya kufulia humo. Ikianza kuzunguka ukuta unatetemeka, mpaka meno.

Nikasema siondoki. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali moja moja, mama yako akinishikia kamba. Binti akainua vidole vitatu. Halafu akatoa masharti, mama yake kabisa. Siku saba. Nisifukuzwe kazi. Nile chakula nilichonunua na kupika mwenyewe. Na Jumapili ijayo niwe nyumbani kwake kabla ya saa sita mchana, bila kufuatwa na gari ya mumewe wala ya mtu mwingine. Nikishindwa hata moja, nafunga mlango, nahamia kwenye waridi.

Nikakubali. Kutembea kuna nini? Hata kuku anatembea.

Jirani kasikia yote juu ya ukuta. Tunamwita Soli. Alikuwa mpeleka barua, sasa kastaafu. Hajamiliki gari maisha yake yote, miguu yake imekuwa kama ya meza. Hata nusu saa haikupita akaja na karatasi. Ameniandikia ushauri wa mtu anayeanza kuishi bila gari. Mistari saba, mwandiko wa posta. Wa kwanza unasema niijue njia kabla ya siku ya safari. Nikamwambia njia ya kazini naijua hata usingizini. Akacheka. Sipendi anavyocheka, kama mtu anayejua kitu.

Karatasi nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza. Meza imetulia. Faida yake ndiyo hiyo.

Naandika haya ili binti akija kubisha niwe na ushahidi. Daftari lilikuwa la marehemu mke wangu. Kurasa mbili za mwanzo kaandika sabuni, chumvi, viberiti. Mimi naanzia ya tatu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, kama siku zote. Soli alikuwa bado anafagia uwanja wake. Nikampita bila kugeuka.

Kwa gari ni dakika arobaini. Nikahesabu kwamba kwa miguu itazidi kidogo, kwa sababu sina foleni.

Nikashika barabara kubwa. Nikakaa upande wangu, kushoto. Lori likanipigia honi. Mimi! Pale kazini jina langu ni Mzee Honi, kwa sababu nikifika getini napiga mara tatu hata kama geti liko wazi. Leo nimepigiwa mimi. Nimeruka mtaroni.

Kwenye mzunguko nikazunguka. Ile barabara ya mkato asubuhi ni ya njia moja, huruhusiwi kupanda nayo, kwa hiyo nikaenda kuzungukia hospitali kama kawaida. Muuza magazeti akaniuliza kwa nini sikati pale katikati. Nikamwambia sheria ni sheria. Akanitazama sana.

Nimefika saa mbili na nusu. Saa mbili na dakika kumi njiani!

Kazi yetu ni kufyatua matofali ya saruji. Mimi ndiye ninayechanganya. Nisipokuwepo hakuna mchanganyiko, mashine inasimama, watu sita wanakaa juu ya ndoo wakitazamana. Nimewakuta wakitazamana. Msimamizi ni kijana, ana heshima, ndiyo maana anauma. Akasema shikamoo kwanza. Halafu akasema mzee wangu, ukichelewa tena mara moja tu, nitaweka mtu mwingine kwenye koleo lako. Wenzangu wakauliza leo mbona honi hatujaisikia.

Sasa kuna jambo silielewi. Saa nne nikatoka getini kunywa maji. Kibandani ng'ambo yuko nani? Soli! Anakunywa chai, gazeti kalimaliza, anasoma matangazo ya vifo. Akanipungia mkono. Mwenye kibanda anasema yuko pale tangu saa moja na nusu.

Alikuwa anafagia! Mimi nimemwacha anafagia!

Kapewa lifti. Ni yule dereva wa gari ya maziwa, lazima. Ana tabia hiyo. Ndiye alikuwa akimpa lifti marehemu mke wangu. Marehemu aliniletea chakula kila mchana, bakuli limefungwa kitambaa, ukifungua mvuke unakupiga usoni. Gari nilikuwa nayo mimi kazini. Chakula cha safari ya dakika arobaini kitafikaje na mvuke? Alipanda kitu. Siku moja nilimwona kasimama pembeni ya gari ya maziwa. Sikuuliza. Lakini dereva yule sijamsalimia tangu siku hiyo, mwaka wa kumi na moja sasa.

Ushauri wangu kwa asiye na gari: usivae mabuti ya kazini. Yangu leo yamenila kisigino chote.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimewapiga chenga. Nimetoka saa kumi alfajiri. Njia ileile, mzunguko uleule. Saa kumi na mbili na robo niko getini! Mlinzi akashtuka, akadhani nimekuja kuiba saruji. Nikamwambia andika muda niliofika. Akaandika.

Nikaenda nyuma ya mifuko kupumzisha visigino. Dakika tano tu.

Nikaamka saa tatu.

Mashine imesimama. Watu wako juu ya ndoo. Msimamizi kashaniandika mtoro, na kashatuma mtu akamwite yule kijana wa kuchanganya wa yadi ya pili. Nikatokea na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mmoja akapiga kelele, akadhani mzimu. Nikasema nilikuwepo! Nimewatangulia wote! Msimamizi akamwita mlinzi. Mlinzi akasema kweli, mzee alifika kabla ya jogoo.

Msimamizi akachanganyikiwa. Kitabu chake kina aliyewahi, aliyechelewa na asiyekuja. Mimi nimewahi halafu sikuja. Alikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho akafuta, akasema nendeni mkafanye kazi, kichwa kinamuuma.

Nimeponea hapo. Mwili wote una maumivu. Jioni nilikaa kidogo ndani ya gari uwanjani, nikafunga mlango, nikashika usukani. Soli akanichungulia akauliza tunaelekea wapi. Nikapandisha kioo.

Jumatano, 5 Juni

Nimetoka tena saa kumi alfajiri. Nimefika. Sikukaa. Nilisimama saa nzima nimeegemea toroli kama ufagio. Saa moja kamili niko kwenye mchanga. Msimamizi akapiga tiki. Akachungulia usoni kwangu kuona kama niko macho.

Kabla ya kutoka nilitafuta viatu vyepesi. Karatasi ya Soli, mstari wa pili, unasema viatu kwanza. Sikuisoma, ilijitokeza tu nilipoinua meza. Chini ya kitanda nikakuta raba za marehemu. Jozi tatu. Sikuwahi kuzishika. Nikazigeuza. Soli zote zimetoboka! Jozi tatu zote, kisigino hadi kidole. Nimekaa kitandani nimezishika. Mtu anayepewa lifti, viatu vinaishaje hivi? Sijaelewa. Nimekata vidole vya jozi moja, nikavaa hizo. Zinabana lakini hazinili.

Jioni nikapitia dukani, maana sharti la pili ni chakula. Nimenunua kama ninavyonunuaga. Mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano. Mafuta lita tano. Ndoo yenye kifuniko. Tikiti maji mbili, kubwa. Mchukuzi wa dukani akanibebea hadi nje, akauliza gari iko wapi. Nikatoa funguo mfukoni, nikanyoosha mkono.

Tukatazama pale. Paka alikuwa amelala.

Akatua mzigo, akaniambia pole, akarudi ndani.

Basi nikafanya kama tunavyohamisha matofali. Napeleka unga hatua thelathini, narudi kufuata mafuta, narudi kufuata ndoo, tikiti nazibiringisha. Halafu naanza tena. Mama mmoja kasimama mlangoni kwake akaniuliza kama nahamia mtaani kwao au nahama. Tikiti moja ikateremka mlima peke yake. Sijui iko wapi.

Soli akanipita na kikapu. Nyanya tatu, kitunguu kimoja. Akasema mstari wa tatu, jirani: nunua kidogo kidogo, nenda mara nyingi. Nikamwambia mimi si sungura. Akabeba mafuta bila kuombwa. Nikamwacha. Mtu akitaka kujichosha mwache.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelala mpaka saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano! Mikono imekufa kwa ule unga. Saa moja niwe kazini. Kwa njia yangu nitafika saa tatu kasorobo. Kwisha habari. Nikaona waridi mbele ya macho.

Nikatoka nje mbio, raba mguu mmoja. Nikamwona Soli anafunga mlango wake taratibu. Nikasema leo ndiyo leo. Namfuata. Nikiikuta hiyo gari ya maziwa, napanda kwa nguvu, na dereva namshushia maneno ya miaka kumi na moja.

Nikajibanza nyuma ya matangi ya watu, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Soli hakuelekea barabarani! Akaingia kichochoro cha kiwanda cha mbao. Mimi pale najua ni mwisho, nimewahi kugeuzia gari hapo nikakwaruza ubavu. Akapita nyuma ya magogo. Na mimi. Kuna kinjia. Kinjia kabisa, kimekanyagwa kikang'aa. Kikateremka hadi kwenye mtaro mkubwa. Juu yake mbao nne. Nikajificha nyuma ya mti mwembamba. Soli, bila hata kugeuka, akasema chunga ubao wa tatu, jirani, umelegea.

Nikakanyaga wa tatu.

Nikatoka na goti limelowa. Tukapanda kidogo, tukapita kando ya kisiki, tukaufuata ukuta mrefu. Soli akaniambia ingia hapo. Pengo. Nikainama, nikaingia, nikatokea nyuma ya lundo la mchanga. Mchanga wangu! Yadi yetu!

Saa moja kasoro dakika tano. Msimamizi akapiga tiki.

Dakika ishirini. Ishirini! Sijaelewa mpaka sasa. Miaka kumi na tisa nazunguka hospitali.

Na lile pengo nalijua. Nimeliziba mimi mwenyewe mara mia, kwa matofali mabovu. Nikiziba leo, kesho nakuta yametolewa na kupangwa pembeni, safu nzuri, makali yameelekea upande mmoja. Niliwaambia wenzangu ni mbuzi. Wakakubali. Tulilaani mbuzi wa watu miaka mingi.

Mbuzi gani anapanga matofali?

Leo mchana nimekula ugali wangu wa baridi nyuma ya mchanga, nikilitazama lile pengo. Chakula cha moto. Marehemu aliingilia pale. Anainama na bakuli, anatoa matofali yangu, anayapanga, anapita. Kila siku. Na mimi kila siku nayarudisha.

Hakuniambia. Na mimi sikuuliza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepita na Soli. Sikumwomba, tulitoka muda mmoja tu. Mimi nilikuwa nimemsubiri nyuma ya mlango.

Kwenye kisiki akasimama. Akasema shemeji alikuwa akitua hapa bakuli, anabadilisha mkono, anaendelea. Walikutana karibu kila siku, yeye na mfuko wa barua, marehemu na chakula. Nikauliza alikuwa anasema nini. Akasema alikuwa analalamika kwamba kazini kwako kuna mjinga anaziba njia.

Nikakaa pale. Kimelainika juu kama kigoda. Soli akatangulia, akasema ataniona kibandani. Nilikaa mpaka nikakaribia kuchelewa.

Mchana gari ya maziwa ikaja getini. Nikamfuata dereva, nikamsalimia. Masikini, akaangusha kreti. Akadhani nimekuja kumpiga. Nikamuuliza aliwahi kumpa lifti mke wangu? Akaapa hajawahi, mama alikuwa akinunua pakiti moja ya maziwa tu, ya chai ya mumewe. Nikamwambia basi, yameisha. Akauliza yapi. Nikamwambia yote. Akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko mimi.

Hata hivyo sipendi anavyoegesha.

Jumamosi, 8 Juni

Nusu siku kazini. Nimewahi. Nimepika mwenyewe, nimeunguza kidogo tu, sharti halikutaja kuunguza.

Imebaki kesho. Kwa binti ni ng'ambo ya pili ya mji, kwa gari ilikuwa dakika hamsini. Soli kaja jioni. Akasema kuna basi asubuhi, linashusha karibu kabisa na kwa binti. Basi sipandi. Nimeyapigia honi miaka kumi na tisa, madereva wote wananijua sura. Akasema sawa, nikuchoree njia ya miguu, inataka saa mbili tu ukikatiza sokoni. Mstari wa sita: muulize anayetembea. Nikamwambia asante, siri nimeshaijua.

Kwa sababu nimekaa nikafikiri. Kama kazini kulikuwa na kinjia cha nyuma na sikukijua, basi kila mahali kuna kinjia cha nyuma. Watu wananificha tu. Na kwa binti kuna tangi kubwa la maji, liko juu ya kilima, linaonekana mpaka hapa uwanjani kwangu. Sisi matofali tunayapanga kwa kamba. Kamba ikishanyooshwa haikunji kwa sababu ya nyumba ya mtu. Kesho nanyoosha macho kwenye tangi, naenda moja kwa moja. Nakisia dakika ishirini na tano.

Soli akatikisa kichwa. Akaniachia mwavuli. Nimeuchukua ili asizidi kuongea.

Jumapili, 9 Juni

Naandika haya nikiwa nimechoka hata kalamu nzito. Lakini niandike yote.

Nimetoka saa tatu asubuhi na tikiti iliyobaki kifuani. Tangi lile pale! Mtaa wa kwanza nimepita kwenye uwanja wa watu wakipiga mswaki. Nikasalimia, nikapita. Wa pili kulikuwa na ukuta. Nikapanda. Wa tatu ulikuwa ukumbi. Mlango uko wazi upande huu, dirisha liko wazi upande ule. Nikaingia.

Mna mkutano. Watu kama arobaini. Nikanyata nikiinamisha kichwa kuelekea dirishani. Mwenyekiti akasema yule mzee aliyesimama amejitolea. Wakapiga makofi. Sikujua nimejitolea nini. Nikasema asanteni. Wakaniletea kiti, wakaniuliza mipango yangu juu ya taka. Nikasema taka ni mbaya. Makofi tena! Nimechaguliwa mjumbe wa usafi wa mtaa nisioujua jina. Imenilia saa nzima. Nimetokea dirishani wakati wa kuimba.

Saa tano niko chini ya tangi. Natafuta nyumba ya binti. Hakuna. Nikazunguka tangi. Hakuna! Nikainua macho. Kule mbali, juu ya kilima kingine, tangi. Kubwa zaidi.

Hapo nilitaka kukaa chini nilie. Niliona mlango wangu umefungwa, mtu mwingine anapika jikoni kwa marehemu. Na mvua ikaanza. Nikafungua mwavuli wa Soli. Ndani ya mwavuli kabandika karatasi. Herufi kubwa kubwa: MUULIZE ANAYETEMBEA.

Mtu mshenzi huyu.

Nikamuuliza mama mmoja mwenye ndoo. Akanielekeza kwa kidevu, kona mbili na daraja. Nikakimbia. Mimi, umri huu, raba za mke wangu, tikiti kifuani! Nikafika upande wa nyuma wa nyumba ya binti. Kuzunguka hadi mlango wa mbele ni mbali, nimekwisha. Dirisha la nyuma liko wazi. Nikapanda juu ya bomba, nikaangukia ndani.

Nimeangukia kitandani. Waridi kila upande! Godoro jipya. Mashine ya kufulia inazunguka, kitanda kinatetemeka. Nikavua raba moja. Nilipovua ya pili mashine ikapiga filimbi ikanyamaza. Nikasema nipumzishe mgongo nusu dakika, halafu niingie sebuleni kwa heshima.

Nimeamshwa na mtu analia. Binti! Saa saba na robo. Kumbe wamekaa mezani tangu saa sita, chakula kimepoa, mkwe kashatoka na gari kunitafuta hospitalini. Binti kaja kutoa nguo mashineni akakuta baba yake kakumbatia tikiti. Akapiga kelele. Mimi pia.

Mkwe aliporudi akafurahi sana. Akasema karibu baba, umeshahamia. Nikamwambia sijahamia, nimefika. Tukabishana. Yeye anasema sharti ni kabla ya saa sita, na saa sita baba hukuwepo mezani. Nikasema nilikuwepo, nimelala, hata kazini wananikubalia hivyo. Akauliza nani shahidi. Nikasema mashine. Ilipiga filimbi nikiwa navua raba ya pili. Binti akasema filimbi aliisikia. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba, aliangalia saa kwa sababu alikuwa ananisubiri.

Mkwe akatazama ukuta wake wa waridi. Nilimwonea huruma kidogo. Si sana.

Halafu binti akatazama sakafuni. Akaziona raba. Akaniuliza nimezitoa wapi. Nikamweleza yote, kinjia, mbao nne, kisiki, pengo, mbuzi. Nikamwambia mama yako alipita pale miaka yote, kwa miguu. Akasema najua, baba. Alikuwa ananichukua likizo, mimi ndiye nilikuwa nabeba kitambaa. Mtaa mzima unaijua ile njia. Nikauliza kwa nini hamkuniambia? Akasema tulikuwa tunataka kukuambia, lakini ulikuwa umeshawasha gari.

Akafuta machozi. Akasema rudi kwako, baba. Masharti umeyatimiza. Ila akaniomba kitu kimoja tu: sasa njia unaijua, pita njia hiyo, usibuni kitu.

Nikamwahidi. Kwa moyo mweupe. Nimerudi na basi. Dereva akapiga honi mara tatu nilipopanda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na furaha. Nyumba yangu. Mlango wangu. Nimetoka mapema, saa kumi na moja alfajiri, na futi yangu ya kupimia, panga na nyundo.

Ile njia ni nzuri sana. Dakika ishirini kwa miguu. Nikawaza, je, kwa gari? Dakika nne! Fundi gari ananiambia anayo moja kwa rafiki yake, inataka betri tu na mlango.

Kasoro ya njia ni moja. Gari haipiti.

Nimepima. Nyuma ya magogo ni futi nne, nikisogeza magogo zinakuwa saba. Mtaroni nikiongeza mbao sita na kuzifunga kwa nondo, inatosha, gari ndogo. Nimeanza kufyeka. Soli akapita akiwa na kikapu chake, akasimama, akaangalia. Hakucheka safari hii. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia namalizia ushauri wako, mstari wa nane.

Tatizo kubwa ni kisiki. Kiko katikati kabisa. Nimekizunguka na futi mara tatu. Nikakaa juu yake nikafikiri. Hapana, kisiki hakitoki. Kwa hiyo barabara itapinda hapo, na nikipinda naingia kwenye ukuta wa yadi, na ukuta ninaujua, tofali zake nilizichanganya mimi, hazina nguvu. Nimebomoa safu mbili tu za kuanzia, pale kwenye pengo.

Tofali nimezipanga pembeni, makali upande mmoja.

Nilipoinua kichwa, upande wa pili wa ukuta wamesimama watu sita na ndoo zao. Msimamizi ameshika kitabu. Saa tatu na nusu. Akasema shikamoo. Halafu akaniuliza kwa upole, mzee wangu, leo tena kimekuchelewesha nini?

Nikamwambia nilikuwa nafupisha njia.